Holsta (mfuko wa kuvalia bastola kiunoni) ya kwenda nayo renji: anza na mdomo wake, alafu mkanda

Wiki iliyopita asubuhi, baridi ya Julai ya Arusha mnaijua, ukungu umeshuka mpaka Meru haionekani kabisa, wanafunzi wangu wote walikuja renji, uwanja wa kulenga shabaha, na majaketi. Dada mmoja anayeongoza watalii alikuwa ameshapiga risasi zake tano vizuri tu, anarudisha bastola kwenye holsta, nikaona kitu kinaning'inia pale mdomoni. Nikamwambia dada, simama hapo hapo, usisukume. Ilikuwa ni kamba ya jaketi, ile ya kukazia kiunoni, ina kidude cha plastiki mwishoni, na kile kidude kilishaingia mbele ya triga, yaani kifyatulio. Angesukuma sentimita mbili zaidi kingeibonyeza kama kidole kabisa, na mtutu unaangalia paja lake.

Toka siku hiyo naulizwa sana mtu anunue holsta gani, so naandika hapa mara moja, na naongea na wenye leseni tu maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani.

Watu wengi wanahangaika na kuchomoa haraka. Mimi naangalia kurudisha, kwasababu hapo ndio ajali nyingi za holsta zinatokea, mtu ameshamaliza kupiga, akili imeshapumzika, anasukuma tu bila kuangalia. Kwahiyo holsta nzuri mdomo wake unabaki wazi hata bastola ikiwa haimo, na triga yote inafunikwa na kitu kigumu ambacho ukikibonyeza kwa kidole kwa nje hakibonyei. Hasa ukiwa na bastola kama Glock ambayo haina sefti (kizuizi cha kufyatua) ya pembeni ya kuwasha na kuzima, hapo kinga yako ni kidole chako na hiyo holsta basi.

Sasa zile za kitambaa cha nailoni zinazoandikwa zinaingia bastola zote, kiukweli sizipendi na huwa nawaambia watu wazirudishe dukani. Holsta inayotoshea bastola zote haijashika hata moja, alafu ukichomoa inalala kama soksi, inabidi mkono wa kushoto uje kuifungua mdomo, na huo mkono unapita mbele ya mtutu. Hapana jamani.

Ngozi mimi naiheshimu, inakaa vizuri mwilini kuliko kitu chochote, ila ngozi ikizeeka inalegea na kukunjamana, na lile kunjo linaweza kuingia ndani ya kinga ya triga, ile ringi inayoizunguka, likafanya kazi ileile ya kidude cha dada. Ninayo moja nimevaa miaka, siku nimeishika juani nikaona mdomo umeshaanza kulala upande, nikaistaafisha siku hiyohiyo, fundi aliniambia atashona bati ndani nikamwambia acha tu. Ikilowa masika ianike kivulini, sio juani wala karibu na jiko, na usihifadhi bastola humo miezi, ngozi inatunza unyevu na chuma kinapata kutu.

Renji ya nje mimi napendekeza Kydex, plastiki ngumu ambayo ilitengenezwa 1965 kwa ajili ya ndani ya ndege, ikipashwa moto inalainika inafinyangwa kwa umbo la bastola yako. Ukiingiza inalia "tak" ukajua imeshika. Ubaya wake ni skrubu, barabara zetu za vumbi zinatikisa gari mpaka skrubu zinalegea, weka tone la gundi ya kuzuia skrubu zisilegee na uzikague kila asubuhi. Na vumbi la Agosti mpaka Oktoba likiingia ndani linakuwa kama msasa, pangusa kwa brashi.

Kama kazi yako ni ya kuinama, kupiga magoti na kukimbia, tafuta yenye kufuli la ziada, ila liwe la kufunguliwa na kidole gumba. Zile zenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole cha triga siziruhusu kwangu, maana bastola ikigoma kutoka mtu anabonyeza kwa nguvu zaidi, na ikitoka ghafla kidole kinateleza moja kwa moja kwenye triga. Za begani na za kuchomoa kwa mkono wa upande wa pili nazo hapana, mtutu unawafagia waliosimama pembeni yako.

Starehe sasa. Bastola kubwa ya milimita 9 ikijaa risasi inakaribia kilo moja, ukiivaa kwenye mkanda wa suruali ya ofisini kufikia saa sita mchana kiuno kinauma na holsta imelala nje. Nunua mkanda mgumu wa milimita 38, ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, na holsta yenye njia zinazobana huo mkanda bila kucheza. Ivae kwenye nyonga, nyuma kidogo ya mshono wa pembeni wa suruali. (Video za nje wanasema "saa tatu", kwao mshale unaangalia kulia, kwetu saa tatu mshale uko kushoto, nimeshaona mtu amevaa upande usio wake, so mimi nasema mshono.) Kina dada wenye nyonga pana, kipande cha kati ya holsta na mkanda kinachosogeza holsta nje kidogo kinasaidia sana, vinginevyo mpini unachoma mbavu.

Kabla hujaja renji jaribu nyumbani, magazini (kasha la risasi) nje, chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) tupu, ikague kwa macho na kwa kidole, risasi ziwe chumba kingine kabisa. Ingiza bastola, pindua holsta juu chini juu ya godoro, tikisa. Ikidondoka, haifai. Alafu kaa kwenye kiti, inama ufunge kamba za viatu, panda na kushuka kwenye gari, ukiwa umevaa jaketi lako lilelile la Julai.

Yule dada kamba yake aliikata palepale na kisu, Jumamosi akaja na jaketi fupi linaloishia juu ya mkanda.