Maana ya uanzilishi: aliyetangulia na aliyefungua njia

Mwaka 1971 Wangari Maathai alitunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hiyo. Miaka sita baadaye, tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji hapa Nairobi, na tendo hilo likawa chanzo cha Green Belt Movement. Mtu anapomwita Wangari mwanzilishi huyataja mambo hayo yote mawili kwa pamoja, ilhali hayalingani. Shahada ilimweka mbele ya wenzake katika mpangilio wa tarehe, na heshima yake haina ubishi. Miti ilizaa utaratibu wa kazi: maafisa wa misitu waliposhikilia kwamba kukuza miche ni kazi ya waliosomea, wanawake wa vijijini walikusanya mbegu wenyewe, wakaziotesha hata katika vyungu vilivyovunjika, wakawa wanalipwa senti chache kwa kila mche ulioshika ardhini. Mwanamke yeyote mwenye jembe na kipande cha shamba angeweza kuufuata utaratibu huo na kumfundisha jirani yake.

Dhana ya uanzilishi inaegemea hapo hasa. Mwanzilishi ni mtu, au kundi la watu, anayeingia katika jambo ambalo bado halina njia iliyozoeleka, akalifanya bila hakika ya kufaulu, kisha akaacha mbinu, chombo, mtindo au hoja ambayo wengine wanaweza kuishika na kuiendeleza. Sehemu ya mwisho ya maelezo haya ndiyo nzito kuliko zote, nayo ndiyo husahaulika upesi. Kutangulia hupimwa kwa kalenda. Uanzilishi hupimwa kwa kuwatazama waliofuata, na kwa sababu hiyo ni nadra kuthibitishwa siku ya tukio lenyewe. Gregor Mendel alichapisha mwaka 1866 matokeo ya majaribio yake ya kuzalisha njegere, akaeleza jinsi sifa za wazazi zinavyorithiwa, akafariki mwaka 1884 bila wanasayansi wa wakati wake kuyatia maanani. Mwaka 1900 watafiti watatu wa Ulaya, kila mmoja kwa kazi yake, walifikia matokeo yale yale na kuyarudia maandishi yake. Kwa miaka 34 Mendel alikuwa ametangulia tu. Jina la mwanzilishi wa elimu ya jenetiki alilipata akiwa kaburini.

Kinyume chake pia hutokea, kwamba mtu asiwe wa kwanza na bado akastahili jina hilo. Wakenya wengi huamini kwamba kutuma pesa kwa simu kulianzia kwetu, lakini huduma za namna hiyo zilikuwako Ufilipino mapema katika miaka ya 2000, kabla Safaricom haijaizindua M-Pesa mwezi Machi 2007. Majaribio yaliyofanywa Kenya mwaka 2005 yalikusudiwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo, na ni watumiaji wenyewe walioanza kutumiana pesa kwa mahitaji yao. Uanzilishi wa M-Pesa, kwa maoni yangu, umo zaidi katika wakala kuliko katika simu: muuza duka wa mtaani anayepokea noti mkononi na kuzigeuza kuwa salio, au kuligeuza salio kuwa noti, kwa mtu ambaye pengine hajawahi kufungua akaunti ya benki. Mpango huo wa mawakala ndio ulioigwa katika nchi nyingine.

Katika fasihi tofauti hii huonekana waziwazi, kwa kuwa maandishi hubaki na tunaweza kuyalinganisha. Wahakiki wengi huihesabu Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyotoka mwaka 1934, kuwa miongoni mwa masimulizi ya kwanza kabisa ya nathari yaliyotungwa na Mwafrika kwa Kiswahili. Hata hivyo, anayeitwa mwasisi wa fasihi ya kisasa ya Kiswahili ni Shaaban Robert, karani wa forodha aliyezaliwa katika eneo la Tanga mwaka 1909. Mbotela alituachia kitabu, naye Shaaban alituachia namna mbalimbali za kuandika: insha, tawasifu, na riwaya ya mafumbo kama Kusadikika ya mwaka 1951, ambamo utawala dhalimu unashtakiwa mbele ya wasomaji bila nchi halisi kutajwa. Aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili, baada ya taarabu kutawaliwa kwa muda mrefu na Kiarabu cha kasri la Sultani. Mwanzilishi mmoja alimwandika mwingine, na bila maandishi hayo tungejua machache mno kumhusu mama huyo.

Mfano unaofaa kukaliwa zaidi ni ule wa ushairi huru. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu kilichozieleza sheria za kutunga mashairi, na kwa wasomaji wengi sheria hizo zikawa ndio ushairi wenyewe. Tarbia, bahari (yaani aina ya shairi) inayojulikana kuliko nyingine, huwa na mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo huwa na mizani, yaani silabi, 16 iliyogawanywa nusu kwa nusu, vina hupangwa kati na mwisho, na mara nyingi mshororo wa nne hurudiwa kama kibwagizo. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa diwani ya Kichomi, iliyokuwa na mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, yenye lugha iliyo karibu na mazungumzo ya kila siku. Washairi wa kimapokeo walipinga kwa nguvu. Walisema kisicho na vina na mizani si shairi, na wengine waliona humo mkono wa Uzungu unaoharibu urithi wa pwani. Wanamapinduzi, yaani watetezi wa ushairi huru, walijibu kwamba roho ya ushairi imo katika hisia, taswira na fikra, na kwamba arudhi, yaani zile sheria za vina na mizani, ni umbo mojawapo tu.

Mgogoro huo uliendelea kwa miaka mingi, na mimi naona ulikuwa wa manufaa, kwa sababu kila upande ulilazimika kueleza kwa makini kile unachokiita shairi. Leo mwanafunzi wa Nairobi anayejiandaa kwa karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne anatarajiwa kulichambua shairi la arudhi na shairi huru kwa ujuzi ule ule, huku malenga wakiendelea kutunga tarbia katika ukurasa wa mashairi wa gazeti la Taifa Leo. Kezilahabi hakuiua tarbia, wala uanzilishi hauhitaji kuua kilichotangulia. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anasifiwa hadi leo kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni, lakini tenzi za dini ziliendelea kutungwa baada yake kama kawaida.

Katika sayansi uanzilishi huhitaji mara nyingi chombo kipya, si wazo jipya peke yake. Ipo habari moja ambayo kila mtoto wa Kenya angepaswa kufundishwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya miaka saba ya uhuru wetu, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Miale hiyo huzuiwa na hewa inayoizunguka dunia, kwa hiyo haiwezi kuonekana kutoka ardhini. Kabla ya hapo watafiti walitumia roketi zilizopanda juu na kushuka zikiwa zimepata dakika chache tu za kutazama, na kwa njia hiyo Riccardo Giacconi na wenzake walikuwa wamekwisha kugundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua mwaka 1962. Uhuru ilikaa kazini zaidi ya miaka miwili, ikaorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake vilikuwa miongoni mwa vilivyowafanya wataalamu waanze kuamini kwamba chanzo kimoja cha eksirei, Cygnus X-1, kina shimo jeusi. Ugunduzi ulikuwa wa mwaka 1962. Elimu kamili ya anga ya eksirei ilifunguliwa na chombo kilichorushwa Malindi. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Wakati mwingine kinachohitajika ni ujasiri wa kuuliza swali ambalo wengine wanalicheka. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba katika Mkoa wa Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi katika friza ilikuwa ndogo, akaharakisha kuingiza maziwa yake yakiwa bado moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa bila kuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu sababu yake, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, huku wanafunzi wenzake wakicheka. Osborne aliagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Aristotle alikuwa amekwisha kuandika jambo kama hilo zaidi ya miaka 2,000 kabla, na wanafizikia hawajakubaliana hadi leo kuhusu sababu zake, wala kama hutokea kwa uhakika. Hata hivyo, tukio hilo linaitwa kwa jina la Mpemba, na kwa haki, kwa sababu yeye ndiye aliyelirudisha maabara.

Historia ndiyo inayodai dhana hii itumiwe kwa hadhari kubwa zaidi. Walowezi waliokuja Kenya baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899 walipenda kujiita waanzilishi, na jina hilo lilibeba dai ndani yake, kwamba nchi ilikuwa tupu na kwamba historia ilianza walipofika. Haikuwa tupu. Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba wa mwaka 1904, kisha wakaondolewa Laikipia baada ya mkataba wa mwaka 1911. Mmoja wao, Lord Delamere, alifanya kweli majaribio ya ngano huko Njoro, akapata hasara kubwa kwa ugonjwa wa kutu, na katika kilimo hicho cha biashara juhudi yake haiwezi kukanwa. Lakini kumwita mwanzilishi wa nchi ni jambo jingine kabisa. Sanamu yake iliondolewa katikati ya Nairobi wakati wa uhuru, na barabara iliyokuwa na jina lake ikaitwa Kenyatta Avenue. Reli yenyewe ilijengwa kwa jasho la vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, ambao takriban 2,500 kati yao walikufa, na ni vigumu kuona kwa nini wao wasihesabiwe.

Mwanzilishi pia si lazima aifuate njia yake hadi mwisho. Harry Thuku, aliyekuwa mpokeaji simu katika ofisi ya hazina, aliunganisha mwaka 1921 malalamiko ya kodi, kipande (cheti ambacho wafanyakazi Waafrika walilazimishwa kukibeba) na mishahara kuwa siasa ya mjini iliyovuka mipaka ya makabila. Alipokamatwa mwezi Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawakabili wanaume waliosita kwa kuwaambia wachukue nguo yake wampe suruali zao. Polisi walifyatua risasi. Watu wasiopungua 21 waliuawa, Muthoni akiwa miongoni mwao. Thuku huyo huyo, katika miaka ya 1950, alisimama kuwapinga Mau Mau. Siasa aliyoianzisha ilikuwa imempita, na hilo halifuti ukweli kwamba aliianzisha.

Wanaekolojia nao wanalitambua jambo hili katika uoto. Likeni, utando wa kuvu na mwani wanaoishi pamoja, ndizo mara nyingi huota kwanza juu ya mwamba wa lava, mfano ule uitwao Shetani karibu na vilima vya Chyulu. Hulegeza jiwe kidogo kidogo, hushika vumbi, hufa na kuacha udongo mwembamba, kisha nyasi na vichaka huja na kuchukua mahali pake.

Limebaki swali la nani huandikwa. Kamoya Kimeu alikwenda Olduvai, Tanzania, mwaka 1960 kama kibarua wa Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, akiwa na elimu ya shule ya msingi tu, wakati ambapo wengi nyumbani waliona kufukua mifupa kuwa sawa na kuchezea makaburi. Akawa kiongozi wa kundi la Wakenya waliojifunza kutambua, kati ya maelfu ya changarawe, kipande cha mfupa kwa rangi na mkunjo wake. Mwezi Agosti 1984, huko Nariokotome magharibi ya Ziwa Turkana, aliona kipande cha fuvu kisichozidi ukubwa wa kiberiti, chenye rangi karibu sawa na mawe yaliyokizunguka. Uchimbaji uliofuata ulitoa kiunzi cha kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, kimojawapo cha viunzi kamili zaidi vya binadamu wa kale, ambacho sasa kinahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi. Makala ya kisayansi iliyokitangaza mwaka 1985 ina majina manne ya waandishi, na jina la Kamoya halimo miongoni mwao. Mwaka huo huo alipewa nishani na National Geographic huko Marekani, na baadaye sokwe mmoja wa kale aliitwa Kamoyapithecus kwa heshima yake. Kamoya alifariki mwaka 2022. Mbinu yake ya kutembea polepole juu ya ardhi kavu na kuisoma kwa macho ndiyo ambayo vijana wa Kenya aliowafunza waliendelea kuitumia katika kingo zile zile za Turkana.