Kwilti na krosistichi: maana yake na raha yake

Kwilti ni blanketi au tandiko la matabaka matatu. Juu kuna kitambaa cha kuonekana, ambacho mara nyingi ni vipande vingi vilivyoungwa. Katikati kuna ujazo laini wa pamba, sufu au poliesta. Chini kuna kitambaa cha mgongo. Kinachoifanya iitwe kwilti ni mishono inayopenya matabaka yote matatu na kuyashika yawe kitu kimoja. Krosistichi ni kazi nyingine kabisa. Ni udarizi wa kuhesabu: kila mshono ni vistari viwili vinavyokatana kama herufi X, juu ya kitambaa chenye matundu yaliyojipanga safu kwa safu. Ua, jina, nyumba au ndege, chochote unachokiona kwenye krosistichi kimejengwa kwa hizo X, moja baada ya nyingine.

Kazi hizi hutajwa pamoja ingawa hazifanani. Kwilti hutengeneza nguo yenyewe, krosistichi huipamba nguo iliyopo. Kwilti inataka meza, pasi, nafasi ya kutandaza na mara nyingi cherehani. Krosistichi huingia yote kwenye mfuko mdogo na kufanyika popote penye mwanga. Ila zote mbili zimesimama juu ya miraba. Mtu asiyeweza kuchora hata jani anaweza kutoa kazi ya kupendeza, kwa kuwa umbo linapatikana kwa kupima na kuhesabu. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu wengi huacha kabla ya kuanza, wakiamini wanahitaji kipaji ambacho hawakuzaliwa nacho.

Tuanze na kwilti, maana ndiyo yenye mkanganyiko zaidi. Kuunga viraka na kushona kwilti ni hatua mbili tofauti. Kuunga viraka ni kushona vipande vya kitambaa pande kwa pande hadi vipatikane kitambaa kimoja kikubwa. Ukiishia hapo, huna kwilti. Una kitambaa cha viraka tu. Kinyume chake, kwilti inaweza kukosa kiraka hata kimoja. Pale jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna kwilti ya Sicilia ya karne ya 14, maarufu kwa jina la Tristan, shujaa wa hadithi za kale za Ulaya, ambayo ni kitani kitupu: picha za kisa chake zimetokea kwa mishono na kwa kujaza pamba ndani ya maumbo yaliyozungushiwa mishono hiyo.

Mishono ya kwilti ina kazi mbili. Kwanza, huuzuia ujazo usihame. Joto la kwilti linatokana na hewa iliyonaswa ndani ya ujazo, na ujazo usioshikwa hujikusanya pembeni kama mabonge baada ya kufuliwa mara chache. Ndiyo maana maelezo ya ujazo hutaja umbali wa mwisho unaoruhusiwa kati ya mstari mmoja wa mshono na mwingine. Pili, mishono huchora. Inapopita kitambaa hubonyea, pasipo mishono huinuka, na vivuli vinavyopatikana ni pambo lisilohitaji rangi.

Viraka hupangwa katika bloku, yaani mraba mmoja uliokamilika unaorudiwa. Bloku rahisi kuliko zote ni ya viraka tisa, vitatu kwa vitatu. Nyingine inayopendwa ina kiraka kidogo katikati kilichozungukwa na vipande virefu, upande mmoja vyeupe-vyeupe na upande wa pili vyenye giza. Bloku hizo zikigeuzwa na kupangwa upya hutoa mistari ya mshazari, almasi au miraba inayozungukana, kabla hujashona mshono mmoja wa kuziunganisha. Kwangu mimi, saa ile ya kutandaza bloku sakafuni na kuzihamisha-hamisha ndiyo tamu kupita zote katika kazi nzima.

Hesabu yake haina huruma. Mshono wa viraka kwa kawaida hukaa robo inchi kutoka ukingoni, karibu milimita 6, kwa hiyo kiraka kinachotakiwa kuonekana sentimita 10 hukatwa sentimita 11.3 hivi. Sasa chukua safu ya viraka 10, yenye mishono tisa. Kila mshono ukila milimita moja zaidi kwenye kila kipande, safu nzima inapungua karibu sentimita 2, na haitalingana tena na jirani yake iliyoshonwa sawasawa. Hakuna kuvuta kutakakoziba pengo hilo. Kabla ya kukata kitambaa chote, shona viraka vitatu vya majaribio, vipige pasi, kisha pima kile cha katikati. Hapo utaijua cherehani yako.

Kitambaa nacho kina tabia zake. Kwenye mwelekeo wa mtande, yaani nyuzi za urefu, hakivutiki, kwenye mshindio, yaani nyuzi za upana, huvutika kidogo, na kwenye mshazari hunyumbuka sana. Kiraka cha pembetatu lazima kiwe na upande mmoja ulio mshazari, na upande huo ndio unaoharibu kazi za wanaoanza. Pasi isisuguliwe huku na huko juu yake. Ibonyezwe, iinuliwe, ihamishwe. Nyuma ya kazi, mikunjo ya mishono ya safu moja ilazwe kushoto na ya safu inayofuata ilazwe kulia. Safu hizo zikikutana, mikunjo hushikana na pembe za viraka hukaa mahali pake zenyewe. Wanaoanza hudharau pasi, lakini uzuri wa viraka unaitegemea pasi sawa na unavyoitegemea sindano.

Kuhusu rangi, watu huhangaika kuchagua nyekundu ipi inaendana na buluu ipi, ilhali linaloamua zaidi ni ung'avu na giza. Vitambaa viwili vya rangi tofauti vyenye giza sawa humezana ukiviangalia kwa mbali, na umbo la bloku hupotea. Piga picha ya vitambaa vyako kwa simu kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Visivyotofautiana pale havitatofautiana ukutani.

Baada ya viraka kuungwa, matabaka hutandazwa: mgongo chini, ukiwa umezidi kwa sentimita 8 au 10 kila upande, ujazo juu yake, kisha kitambaa cha viraka. Yote hushikwa kwa pini au kwa kupigwa bandi za muda, kila baada ya upana wa kiganja, halafu kushona kunaanza katikati kuelekea nje ili makunyanzi yasije yakafungiwa ndani. Kwa mkono, mshono ni bandi fupi zilizolingana, na subana kidoleni si pambo: bila hiyo ncha ya kidole huumia upesi. Kwa cherehani, mistari iliyonyooka inatosha kabisa kwa kwilti ya kwanza. Mwisho kingo hufungwa kwa utepe wa kitambaa wa karibu sentimita 6, uliokunjwa mara mbili kwa urefu wake.

Krosistichi ina vifaa vichache na masharti machache. Kitambaa chake cha kawaida huitwa aida, nacho hupimwa kwa idadi ya miraba kwenye inchi moja. Aida ya 14 ina miraba 14 kwa inchi, ya 18 ina 18. Kwa namba hiyo unapata ukubwa wa picha kabla ya kununua chochote: mchoro wenye upana wa mishono 140 utakuwa inchi 10, yaani sentimita 25 na kidogo, kwenye aida ya 14, na utapungua kufika chini kidogo ya sentimita 20 kwenye ile ya 18. Ongeza nafasi ya sentimita 7 hivi kila upande kwa ajili ya fremu. Wapo wanaopendelea kitani chenye nyuzi 28 kwa inchi, wakishona juu ya nyuzi mbili mbili; ukubwa wa picha unakuwa uleule wa aida ya 14, ila sura yake ni laini zaidi na macho yanafanya kazi zaidi.

Uzi wa kudarizia huja ukiwa na nyuzi ndogo sita zilizolala pamoja. Hutumii zote. Kwa aida ya 14 huchomolewa mbili, na zichomolewe moja moja, kisha ziunganishwe upya. Zikivutwa zote kwa pamoja hujifunga fundo. Kata urefu wa sentimita 45 hivi. Uzi mrefu zaidi unaonekana kuokoa muda, kumbe kila unapopita tunduni unachakaa, na mwishoni unatoa manyoya na kupoteza mng'ao. Sindano yake ni butu, kwa sababu inapita kwenye tundu lililopo tayari na haitakiwi kuchana nyuzi za kitambaa.

Mchoro ni karatasi ya miraba yenye alama. Kila alama ni rangi, na mstari mzito hupita kila baada ya miraba 10. Kunja kitambaa mara nne upate katikati yake, tafuta katikati ya mchoro, anzia hapo. Ukiweza, piga bandi za uzi wa rangi nyingine kwenye kitambaa kila baada ya miraba 10, uzichomoe kazi ikiisha. Inaonekana kama kujiongezea mzigo, lakini kosa la kuhesabu ndilo kosa kubwa la krosistichi. Ukikosea mraba mmoja leo, kila kitakachofuata kitakaa pembeni kwa mraba mmoja, na utagundua pale jani linapokataa kukutana na shina.

Sharti moja halina msamaha: kistari cha juu cha kila X kilale upande mmoja katika kazi nzima. Uzi hurudisha mwanga kufuata mlalo wake, na X chache zilizogeuka huonekana kama doa hata kama rangi ni ileile. Waweza kushona vistari vya chini vya safu nzima kisha ukarudi na vya juu, au ukamaliza kila X peke yake. Njia zote ni sahihi. Nyuma usifunge fundo, kwa kuwa fundo huinua kitambaa kikishatiwa kwenye fremu. Mkia wa uzi upitishwe chini ya mishono kadhaa iliyokwisha kushonwa.

Kazi hizi zinafaa kwa mapumziko ya nyumbani kwa sababu zinakubali kukatizwa. Bloku ni kitu kamili hata kama kwilti yake itachukua mwaka. X kumi ni X kumi; mtoto akilia au mgeni akibisha hodi unaziacha, na ukirudi unazikuta. Ni kama kusuka ukili, ambao unawekwa chini na kuokotwa bila kuharibika.

Tabia hiyo ya vipande imewezesha pia makubwa yasiyowezekana kwa mtu mmoja. Tarehe 11 Oktoba 1987, kwilti ya kuwakumbuka waliofariki kwa ukimwi ilitandazwa Washington, Marekani, ikiwa na vipande 1,920, kila kimoja cha futi 3 kwa 6, takriban kipimo cha kaburi. Waliofiwa pamoja na marafiki waliwashonea wapendwa wao, kila kundi mahali pake, kisha vipande vikaunganishwa. Na vitambaa hivi hutunza habari za mtu mmoja mmoja pia. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, alisimulia visa vya Biblia kwa maumbo ya kitambaa yaliyoshonewa juu ya kwilti. Mbili zimesalia, moja iko katika makumbusho ya Smithsonian, Washington, na nyingine katika jumba la sanaa la Boston. Kwa upande wa udarizi, kitambaa cha Mwingereza Jane Bostocke cha mwaka 1598, kilichojaa vielelezo vya mapambo, kimeandikwa kwa uzi siku aliyozaliwa mtoto aitwaye Alice Lee mwaka 1596. Bila uzi ule, huenda tusingelijua jina la mtoto huyo.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mmoja, nao unahusu ukubwa. Mchoro wa mishono 100 kwa 100 unaonekana mdogo kwenye karatasi, lakini ukijazwa wote ni X 10,000. Mchoro wa 40 kwa 40 ni X 1,600 na unatoa picha ya sentimita 7 hivi kwenye aida ya 14, inayotosha kadi au fremu ndogo. Kwenye kwilti, chagua bloku nne za viraka tisa uzifanye foronya ya mto. Utapitia hatua zote, kuanzia kukata hadi kingo, bila kulemewa na uzito wa tandiko la kitanda chini ya cherehani. Na uchague kazi ambayo kuishona kwenyewe kunakupendeza. Anayetamani picha tu atachoka kwenye eneo kubwa la anga lenye rangi moja. Anayeipenda sindano atalifurahia eneo hilohilo.

Kabla ya kuitia krosistichi kwenye fremu, ifue taratibu kwa maji ya baridi na sabuni laini, kwa kuwa mafuta ya mikono hayaonekani sasa ila huleta manjano baadaye. Rangi ikichuja, endelea kusuuza hadi maji yawe meupe, wala usiiache ikauke kabla ya hapo. Isikamuliwe, ikunjwe ndani ya taulo ikauke kidogo, kisha ipigwe pasi kwa nyuma, juu ya taulo, ili mishono isilale. Kwilti ya pamba nayo hurudi kidogo ikifuliwa mara ya kwanza na kupata mikunyato midogo. Ikiwa hutaki mikunyato hiyo, fua vitambaa vyote kabla ya kuvikata na uchague ujazo usiorudi.