Mtoto aliyeungua na mlo unaorukwa

Wazazi wanaofika wodini na mtoto aliyemwagikiwa uji au maji ya chai huuliza kwanza habari za dawa ya kupaka. Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Kampala, kwa hiyo naanza na swali jingine: tangu aungue, amekula nini? Mara nyingi jibu ni chai ya rangi na kipande cha mkate, kwa kuwa mtoto analia na hakuna mwenye moyo wa kumshurutisha. Naelewa. Lakini kidonda cha moto hujengwa na chakula, na mlo unaorukwa hulipwa na misuli ya mtoto mwenyewe.

Mtoto aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hutumia nguvu nyingi hata akiwa amelala tu. Moyo unakwenda mbio, joto linapanda, na pale ngozi ilipochunika vinavuja maji, protini, na madini ya zinki na shaba usiku na mchana. Chakula kisipotosha, mwili unaanza kujila. Hapo ndipo ngozi iliyopandikizwa inakataa kushika na vijidudu vinapata njia. Kwa majeraha makubwa hali hii haikomi siku bandeji zinapotolewa. Inaweza kuendelea mwaka mmoja, hata miwili.

Ndiyo maana tunataka alishwe mapema, ndani ya saa 12 za mwanzo ikiwezekana, kwa mdomo au kwa mpira unaopita puani hadi tumboni. Akina mama wengi wanauogopa mpira huo, wakidhani mtoto ameshakatiwa tamaa. Hapana, mama. Unatuwezesha kumlisha hata usiku akiwa usingizini. Na anayenyonya aendelee kunyonya.

Kinachoniuma zaidi ni njaa ya kusubiri upasuaji. Kabla ya nusukaputi mtoto hufungishwa, ili asitapike na matapishi yakaingia mapafuni. Kanuni ya kawaida ni saa 6 kwa chakula, saa 4 kwa maziwa ya mama, saa 2 kwa maji. Ila foleni hurefuka, dharura huingia, na mtoto ambaye hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni anaambiwa alasiri kwamba zamu yake ni kesho. Kesho nayo hivyo hivyo. Mwenye kidonda kikubwa hurudi chumba cha upasuaji mara nyingi, kwa hiyo saa hizo zikijumlishwa ni siku nzima nzima za njaa, wodini, mbele ya macho yetu. Mzazi, uliza bila woga: "Sista, mwanangu ni wa ngapi leo? Mwisho wake wa kunywa ni saa ngapi?" Akiahirishwa, alishwe papo hapo. Siku ya kubadilisha bandeji pia, chakula kiwe tayari ili ale mara tu maumivu yanapotulia.

Sasa sahani yenyewe. Kwa majeraha makubwa, watoto huhitaji hadi gramu 3 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 12 anahitaji kama gramu 36. Kilo nzima ya matoke haifikishi gramu 20, na hakuna mtoto wa umri huo atakayeimaliza. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, na dagaa wakavu, mukene wetu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wasage, uwatie kwenye uji pamoja na karanga za kusaga na mafuta kidogo. Pale Mwanamugimu, kitengo cha lishe cha hospitali ya Mulago, akina mama wamefundishwa miaka mingi kupika kitobero: matoke au viazi, maharage au karanga, samaki au nyama, na mboga za majani kama dodo, yaani mchicha, vyote vikivukizwa pamoja. Sijaona chakula cha kopo kinachokishinda kwa bei. Ongeza papai, pera au embe. Mpe kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na chai ikae mbali na mlo, maana huzuia madini ya chuma.

Wazee wengine hukataza mayai wakisema yanaleta usaha. Usaha huletwa na vijidudu. Kumnyima yai mtoto aliyeungua ni kumnyima ngozi.

Tahadhari moja: aliyekuwa na utapiamlo mkali kabla ya kuungua asijazwe chakula kwa pupa. Huanza taratibu, kwa F-75, maziwa maalumu ya kutibu utapiamlo mkali, chini ya uangalizi wa wodi, kwani kumlisha kwa kasi kunaweza kuvuruga madini ya damu hadi kumuua.

Mkisharuhusiwa kwenda nyumbani, apimwe uzito kila anapokuja kliniki, bila bandeji nzito, maana hudanganya mizani kama unavyodanganya uvimbe wa siku za kwanza. Akipungua sehemu ya kumi ya uzito aliokuwa nao kabla ya ajali, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu. Mleteni.