Linux ya Kupendeza Haidai Mashine ya Mamilioni
Hapa Kampala, mtu akionyesha skrini yake ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta usiolipiwa, iliyopambwa vizuri, wengi husema: "Hiyo ni laptopu ya mamilioni ya shilingi." Sivyo kabisa. Urembo ule hutokana na faili za maandishi tu. Chukua i3, programu ya kupanga madirisha iliyotoka mwaka 2009: rangi, kingo na vitufe vya mkato vyote huandikwa katika faili moja, na laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ya GB 4 huibeba bila kuhema. Xfce, mazingira kamili ya eneo-kazi (paneli, menyu na madirisha) aliyoyaanzisha Olivier Fourdan mwaka 1996, nayo ni nyepesi. Binafsi naipenda zaidi. Kinachomeza kumbukumbu hasa ni kivinjari. Nakili faili hizo za mipangilio kwenye flashi, ukibadili laptopu uhame nazo.