Maini, Pweza na Vidonge vya Zinki: Maswali na Majibu Kuhusu Lishe ya Mwenye Ugonjwa wa Wilson

Ugonjwa wa Wilson ni nini, na chakula kinahusikaje?

Ni ugonjwa wa kurithi unaofanya madini ya shaba yarundikane mwilini. Kila mtu anahitaji shaba kidogo, takriban miligramu 1 kwa siku kwa mtu mzima, na huipata kwenye chakula. Inayozidi huondolewa na ini kupitia nyongo, ikatoka na choo. Mwenye Wilson ana hitilafu kwenye jeni iitwayo ATP7B, kwa hiyo njia hiyo ya kutokea imeziba. Shaba hujaa kwenye ini, kisha humwagika kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Hapo ndipo mikono huanza kutetemeka, ulimi kuwa mzito, mate kudondoka, mwandiko kuharibika. Tabia nayo hubadilika, na wengi huzungushwa kwa waganga kwa kudhaniwa wamerogwa kabla hawajapimwa.

Daktari Samuel Alexander Kinnier Wilson alipouelezea ugonjwa huu mwaka 1912 haukuwa na tiba. Dawa ya kwanza ya kumeza, penisilamini, ililetwa na daktari John Walshe mwaka 1956.

Wanaoishi karibu na migodi ya shaba, kama kule Katanga, wako hatarini zaidi?

Hapana. Chanzo ni jeni, si udongo wala mgodi.

Mtoto wetu ana Wilson na ameambiwa damu imepungua. Tumpe maini?

Naomba msimpe. Najua ushauri huu unatoka kwa watu wanaompenda: shangazi anakuja na maini ya ng'ombe, jirani anasema mkaangie kila asubuhi. Kwa mtu mwingine ni ushauri mzuri. Lakini ng'ombe huhifadhi shaba kwenye ini kama sisi, na gramu 100 za maini yake yaliyopikwa zina takriban miligramu 14 za shaba. Hiyo ni zaidi ya mahitaji ya wiki nzima, kwenye sahani moja, kwa mtoto asiyeweza kuitoa.

Kuna jambo la pili. Katika Wilson, damu inaweza kupungua kwa sababu ya shaba yenyewe: ikimwagika kwa wingi kutoka kwenye ini hupasua chembe nyekundu za damu. Au bandama imevimba na inaharibu chembe hizo. Kumwongezea maini wakati huo ni kuchochea moto. Akianza kuwa na macho ya njano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari akithibitisha kwamba upungufu ni wa madini ya chuma, nyama ya kawaida, kuku na samaki wa mapezi vinafaa, pamoja na vidonge vya chuma atakavyoandikiwa.

Vyakula gani vingine viepukwe?

Kwa watu wa pwani orodha hii inauma. Pweza, ngisi, chaza, kaa na kamba wakubwa wana shaba nyingi. Supu ya pweza ya jioni iwekwe kando. Korosho zina zaidi ya miligramu 2 kwa kila gramu 100, na ufuta unazipita, kwa hiyo kashata za ufuta nazo zingoje. Ongeza karanga nyingi, uyoga, kakao na chokoleti. Pombe haifai kabisa, kwa kuwa ini tayari limejeruhiwa.

Makatazo haya yana uzito mkubwa zaidi mwaka wa kwanza wa matibabu. Vipimo vikitulia, daktari anaweza kulegeza baadhi. Wali, ugali, maziwa, mayai, matunda na mboga nyingi havina shida. Maharage yaliwe kwa kiasi cha kawaida. Sioni sababu ya kumnyima mtoto maharage akabaki na njaa.

Msipikie wala kuhifadhia kinywaji kwenye chombo cha shaba. Dele la kahawa la bibi libaki pambo.

Je, zinki ile anayopewa mtoto anayeharisha inafaa?

Madini ni yale yale, ila matumizi ni tofauti sana. Mtoto anayeharisha hupewa hadi miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Mtu mzima mwenye Wilson anayetibiwa kwa zinki hupewa kwa kawaida miligramu 150 kwa siku, kwa mafungu matatu, miaka yote. Huku zinki ni dawa, si kirutubisho cha nyongeza.

Huufanya utumbo utengeneze protini inayoikamata shaba ya chakula, na chembe za utumbo zikibanduka shaba hutoka nazo. Ndiyo maana humezwa tumbo likiwa tupu, angalau nusu saa kabla ya kula. Kichefuchefu kikisumbua, mwambieni daktari kabla ya kuruka dozi. Msijipimie kutoka duka la dawa: zinki kidogo haitoshi, na ikizidi huleta upungufu wa shaba unaoharibu damu na mishipa ya fahamu.

Na virutubisho vingine?

Anayetumia penisilamini huongezewa vitamini B6, kwa kawaida miligramu 25 hadi 50 kwa siku. Multivitamini nyingi zina shaba, kwa hiyo someni kibandiko. Spirulina, inayouzwa kama dawa ya kila kitu, ina shaba nyingi sana. Vidonge vya chuma visimezwe pamoja na penisilamini. Viachane kwa saa mbili au zaidi.

Ramadhani afunge?

Aliye mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Anayetamani kufunga azungumze na daktari wiki kadhaa kabla, maana dozi za tumbo tupu ni vigumu kuzipanga kati ya futari na daku.

Anapaliwa na chai na maji. Tufanyeje?

Mketisheni wima, ameze kidogo kidogo, asizungumzishwe. Uji mzito na mtindi hupita salama kuliko maji matupu. Akikohoa kila mlo au kukonda, anahitaji mtaalamu wa kumeza. Chakula kinachoingia kwenye mapafu huleta nimonia.

Amepata nafuu. Anaweza kuacha dawa na kubaki na lishe?

Hapana, hata akiwa mjamzito. Hakuna chakula kisicho na shaba kabisa, na ile iliyokwishajaa haitolewi na mlo. Walioacha dawa wameharibikiwa ini hadi kufa, wengine baada ya miezi tu.

Ndugu zake wapimwe?

Wote, hata wenye afya. Kila mtoto wa baba na mama hao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa nao. Huanza na kipimo cha damu, mkojo wa saa 24 na uchunguzi wa macho, na akigunduliwa mapema anaweza kuanza dawa kabla mkono haujatetemeka hata mara moja.