Kiunzi cha umahiri si cha kurukwa

Juzi, kwenye kikao cha jumuiya ya walimu ya kujifunza hapa Mikindani, nimelisikia tena: "Mwalimu yule kashindwa kiunzi." Mara ya nne mwaka huu.

Kwa ufupi, kiunzi cha umahiri ni maelezo ya yale ambayo mtu wa kazi fulani anatakiwa aweze kuyafanya, ngazi kwa ngazi, tangu anayeanza hadi aliyebobea. Umahiri wenyewe tumeuzoea tangu mtaala wa 2005: maarifa, stadi na mwelekeo vikienda pamoja. Hapo sina neno.

Ninachokigombania ni neno kiunzi. Limetokana na kuunda, na kuunda kwa asili ni kazi ya vyombo vya baharini: nyumba hujengwa, jahazi huundwa. Pita ufukweni fundi akiwa kazini, utaona mkuku umelazwa, mataruma yamesimama pande zote mbili, mbao bado. Hicho ndicho kiunzi. Fundi hakitumii kukikataa chombo. Anakitazama ajue ubao unaofuata unakaa wapi. Lakini wengi wetu neno hili tulilijulia uwanjani, kwenye mbio za kuruka viunzi, ambako ama umevuka ama umekiangusha. Maana hiyo ndiyo iliyoingia kwenye fomu zetu. Mlezi wa mwalimu anafika darasani, anaweka alama za vema, anazijumlisha, anaaga. Huo ni ukaguzi, na ukaguzi una watu wake.

Niliwahi kukaa nyuma ya Darasa la Tano na kipengele kimoja tu cha kiunzi: kuuliza maswali. Mwalimu aliuliza, na hata hajameza mate akamteua yule yule wa dawati la mbele. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani, alikuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu. Wakifikisha 3, majibu hurefuka na wanyamavu nao huanza kujibu. Tulipotoka nilimweleza hilo, tukasoma pamoja ngazi inayofuata imeandikwaje. Akasema, "Kesho nitahesabu kimoyomoyo." Wiki nzima tulishughulika na hilo tu.

Basi ndugu zangu maafisa elimu kata, naomba "kashindwa kiunzi" tuliache. Semeni, "Kwenye maswali bado anaanza, kwenye zana amefika mbali." Kisha mwulizeni mwenyewe angependa aanze na ubao upi.