Pride and Prejudice si mapenzi matupu

Wengi husoma Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka mwaka 1813, wakidhani ni kisa cha dansi na wachumba tu, kana kwamba mwandishi hakujua Uingereza inapigana na Napoleon. Si kweli. Maofisa wenye makoti mekundu wanaowatia wazimu Lydia na Kitty, mabinti wadogo wa familia ya Bennet, ni wanamgambo wa kulinda nchi, waliohamishwa mji hadi mji. Ndiyo maana wanaondoka Meryton, mji ulio karibu na familia hiyo, kwenda kambini Brighton.

Uzito zaidi uko kwenye mali. Bwana Bennet ana kipato cha pauni 2,000 kwa mwaka, ila Longbourn, nyumba na ardhi yake, imefungwa kisheria kwa mrithi wa kiume. Akifa, Bwana Collins, ndugu wa mbali, anaichukua, na mabinti watano hawana pa kukaa. Collins anapomposa Elizabeth, mmoja wa mabinti hao, anamkumbusha, bila haya, kuwa fungu lake ni pauni 1,000, tena mpaka mama yake afe.

Ukijua hayo, huwezi kumwita Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, mwenye tamaa kwa kumkubali Collins huyohuyo akiwa na miaka 27. Naye Bi. Bennet, tunayemcheka kwa kelele zake, ana hofu ya haki kabisa.